Nafasi ya Wachelewaji

SIKIO: Haloo? Haloo, Mzee! Ee Mungu wangu, umenitoa roho. Nilishasema leo nafunga cherehani nakuja kukutafuta, na hata njia ya kwako siijui—

BINTI: Haloo? Samahani. Naongea na nani?

SIKIO: Kwani hii si namba ya Mzee?

BINTI: Ni yake. Simu ni yake. Mimi ni binti yake.

SIKIO: Aa. Shikamoo, dada.

BINTI: Marahaba, ingawa kwa sauti hiyo huenda tumelingana. Nimekupigia kwa sababu hii simu nimeikuta mezani kwake, ndani ya mkebe wa biskuti, haina chaji. Nimeichaji, kuiwasha tu, kioo kizima kimejaa jina moja. Sikio, Sikio, Sikio. Simu zisizopokelewa. Nikasema huyu Sikio ni nani, asiyechoka hivi?

SIKIO: Ndiye mimi.

BINTI: Ndilo jina lako?

SIKIO: Ndilo alilonipa yeye.

BINTI: [anachekea puani] Usikasirike, dada. Mimi na shangazi tulishakubaliana kuwa wewe ni mchumba wa mzee.

SIKIO: Mchumba! Mimi? Sijawahi kumwona hata kivuli. Tukikutana njiani nampita kama ninavyoipita nguzo, mpaka afungue mdomo.

BINTI: Hujamwona kabisa?

SIKIO: Namjua sauti tu. Na kikohozi. Haya, dada, mpe simu basi. Mwambie Sikio anauliza, kulikoni kimya chote hiki, amwambie japo—

BINTI: [kimya]

SIKIO: Dada?

BINTI: Tumeshamzika, dada.

[Mtandao unakwaruza.]

SIKIO: Sijakusikia. Rudia.

BINTI: Umenisikia.

SIKIO: Ngoja. Ngoja nizime hii mashine. Mguu umebaki kwenye kanyagio, inajishonea hewa.

BINTI: Pole.

SIKIO: Mimi ndiye wa kukupa pole, nawe unanitangulia. Pole sana, dada yangu. Pole sana. Lini?

BINTI: Alhamisi ya wiki iliyopita. Jirani alimkuta amekaa kitini, hedifoni masikioni. Alidhani anasikiliza. Akamsalimia, akaondoka zake. Aliporudi jioni bado anasikiliza vilevile.

SIKIO: Basi ndiyo— 

BINTI: Unasemaje?

SIKIO: Hapana. Maneno yamenipotea. Alhamisi. Basi ile Jumatano ndiyo ilikuwa ya mwisho.

BINTI: Ya mwisho ya nini?

SIKIO: Ya kumsikia.

BINTI: Wewe ulimsikia Jumatano? Ulimsikia wapi wakati simu zako hakupokea hata moja?

SIKIO: Redioni, dada. Mimi ni msikilizaji wake.

BINTI: [anavuta pumzi] Kumbe. Mmoja wa hao wanaozungumza naye kwenye redio yake.

SIKIO: Si mmoja wao. Wao wana ruhusa ya kusema. Wamefanya mtihani, kila mmoja amepewa herufi zake za kuitiwa, anazitaja kama mtu anavyotaja jina la baba yake. Mimi sina herufi. Nina kiredio cha mtumba cha kupokelea tu. Kusikiliza hakuombewi ruhusa. Nasikiliza nikishona, basi.

BINTI: Sasa alikujuaje?

SIKIO: Siku moja wapo hewani wanazungumza mambo ya betri, yeye akaacha betri, akasema: kama kuna mtu pembeni anatusikiliza na hana ruhusa ya kusema, ajue haibi, yeye pia ni mwenzetu, namba yangu hii hapa, anipigie aniambie nasikika vipi. Nikaandika namba kwa chaki kwenye kitambaa cha suruali ya mtu. Nilikaa nayo siku nyingi naiogopa.

BINTI: Ulipompigia akasemaje?

SIKIO: Aliniuliza, nasikika vipi? Nikasema, vizuri sana, Mzee, kama upo hapa ndani. Akasema, muongo wewe, betri yangu imechoka na nyuma kuna mvumo. Nikacheka. Akaniambia, msikilizaji hampi mtu alama za kumfurahisha. Ukimpa za uongo hatapandisha waya, hatabadili betri, atakaa anaongea na ukuta. Ndio somo la kwanza nililopata kwake.

BINTI: Alikuwa na masomo huyo. Na haya malundo ya simu?

SIKIO: Zile za kila siku ni bip, nakata kabla hajapokea. Hatukuwa na salio la kupoteza. Wakishaitana majina jioni, mimi nambip. Mara moja, umesikika vizuri. Mara mbili, umesikika kwa taabu. Nisipobip, sikukupata kabisa. Na mwiko wetu ni kwamba hapokei.

BINTI: Subiri. Ndiyo maana ilikuwa kwenye mkebe?

SIKIO: Akiwa na hedifoni hasikii mlio. Akaitoa sauti, akaiweka itetemeke ndani ya bati. Aliniambia inanguruma kama nyuki aliyenaswa, anaisikia mpaka kwenye mifupa ya mkono.

BINTI: Na mimi nilimwambia shangazi, ona baba alivyozeeka, simu anaifungia kwenye mkebe wa biskuti.

SIKIO: Huko si kuzeeka, dada.

BINTI: Sasa nikuulize, maana wewe unawasikia. Hao wenzake. Wana roho za namna gani?

SIKIO: Kwa nini?

BINTI: Hakuna hata mmoja aliyekuja. Hata salamu. Baba yangu aliwapa watu hao maisha yake, dada, nakwambia. Ikifika saa ya kuitana majina anaacha wageni sebuleni. Mama amekufa analalamika. Siku ya harusi yangu, tumepangwa kwa picha, mpiga picha ameinua mkono, baba akachomoka. Kwenye picha yangu ya harusi kuna pengo pale kati ya mama na shangazi. Kiti kitupu, kofia iko juu yake.

SIKIO: [taratibu] Ndiyo maana walimwita Saa Mbovu. Alikuwa anafika hewani amechelewa kila siku. Kumbe alikuwa anatoroka mahali.

BINTI: Jana jioni niliiwasha hiyo redio. Haikuwa imezimwa hata, ilikuwa imechoka tu, nikabadilisha betri ya gari kama alivyokuwa akifanya. Nikawasikia. Wanaitana kama shule. Wakafika kwake. Saa Mbovu, upo? Wakangoja kidogo tu, halafu huyo anayeita akasema tuendelee. Tuendelee! Kama amekwenda msalani. Walimtupa, dada. Kesho asubuhi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, nampa kila kitu, mpaka meza.

SIKIO: Usimpe, dada. Nakuomba. Hawakumtupa. Hawajui.

BINTI: Hawajui vipi, na alikuwa anaongea nao kila siku?

SIKIO: Siku za mwisho hizi... walikuwa hawamsikii.

BINTI: Si umesema wewe ulimsikia Jumatano?

SIKIO: Mimi niko upande wenu wa kilima. Wao wako mbali. Mimi nilimpata kwa taabu, wao hawakumpata kabisa. Na kwao kuna mazoea, mtu asiposikika hawasemi amekufa, wala hawasemi ametukasirikia. Wanasema hewa ni mbaya leo, wanamwachia nafasi yake, wanapita. Kesho wanamwita tena. Wanaweza kukuita mwaka mzima hivyo. Ni heshima, dada. Si kutupa.

BINTI: Na wewe uliyekuwa unamsikia, si ungewaambia?

SIKIO: Kwa mdomo gani? Kati yao, mmoja akimsikia mtu ambaye wengine hawamsikii, anawapokelea. Anasema, yupo, nimempata, anawasalimu. Mimi nilikuwa nasikia wakisema Saa Mbovu hayupo, na yeye namsikia anasema nipo. Nimeshika mkasi mkononi. Nikasema kwa sauti peke yangu humu chumbani, yupo jamani! Mteja alikuwa anapima gauni, akaruka.

BINTI: Sasa kwa nini hawakumsikia? Miaka yote hiyo walikuwa wanamsikia.

SIKIO: Mambo ya hewa hayo. Tuyaache. Wewe ulimwona lini mara ya mwisho?

BINTI: Nilikuja mwishoni mwa mwezi uliopita. Nilikuwa sijafika muda mrefu, si ugomvi, ni kunyamaziana tu. Mimi kazi yangu ni dobi kwenye nyumba ya wageni. Mashuka ya watu nisiowajua nayafua kila siku ya Mungu. Nikaingia chumbani kwa baba, nikashika shuka lake, dada, niliona aibu mpaka miguuni. Nikafua kila kitu. Mapazia, makoti, mpaka kile kitambaa anachofunikia redio.

SIKIO: Akasemaje?

BINTI: Hakusema. Alivuta kiti akakaa mlangoni ananitazama. Unajua sisi hatukuwa watu wa maneno. Nikamwambia, baba, unanitazama kama sinema. Akasema, fua, mama, fua.

SIKIO: [anacheka kidogo] Namsikia.

BINTI: Sasa nguo zikawa nyingi, kamba ikawa haitoshi. Nikaona ile waya yake ndefu imepita juu kwa juu, kutoka dirishani mpaka kwenye nguzo ya uani. Haina kazi, kunguru tu wanakalia. Redio za siku hizi zina waya gani? Nikaishusha, nikaifunga chini, usawa wa kifua changu. Nikaanika kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Uani kukapendeza, dada, kama sikukuu. Nikamwambia, haya, sasa una kamba ya maana, usianike tena shati kwenye kiti. Akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo siku nzuri niliyobaki nayo. Sina nyingine. Nikilala naiona ile.

SIKIO: [kimya]

BINTI: Haloo? Dada? Upo?

SIKIO: Nipo.

BINTI: Umepotea ghafla.

SIKIO: Mtandao.

BINTI: Ee, hata huku unakwaruza. Unajua mpaka leo mashuka mawili yako pale pale? Sijayaanua. Naona nikiyaanua nimemaliza.

SIKIO: Yaache. Siku gani ulikuja?

BINTI: Jumapili. Kwa nini?

SIKIO: Basi tu.

[Kwa mbali, redioni, sauti ya mwanamume: "Jioni njema ndugu zangu. Kiranja hapa. Kabla sijaanza, kuna mtu anatumia hewa hii? ... Kuna mtu anatumia hewa hii? ... Haya. Naita majina."]

BINTI: Umesikia? Ndio hao!

SIKIO: Nasikia kwako na kwangu. Huyo ni Kiranja. Kwanza anauliza kama kuna mtu, anasikiliza, anauliza tena. Hawaingii juu ya mtu. Hiyo ndiyo adabu yao ya kwanza.

BINTI: Mimi leo nitawaambia. Umesema hawajui, basi wajue. Hiki kipaza sauti hiki hapa, na kitufe hiki hapa pembeni.

SIKIO: Usibonyeze, dada.

BINTI: Kwa nini?

SIKIO: Sheria. Huna ruhusa, na mimi sina ruhusa. Sisi wa kusikiliza hatubonyezi.

BINTI: Watanifunga? Waje wanifunge. Wanikute nafua.

SIKIO: Si kufungwa. Ni... hata Mzee hakupenda. Alisema redio ni mlango wa watu wengi. Dada, acha. Nitafutie kesho namba ya Kiranja, kwa njia yoyote, tutampigia simu tumwambie vizuri—

[Redioni: "Mama Njiwa, upo?" Sauti ya mwanamke: "Mama Njiwa nipo, nimefunga duka mapema, nakuachia." "Asante Mama Njiwa. Saa Mbovu, upo? Nakuachia."]

BINTI: Wamefika kwake.

SIKIO: Dada, nakuomba—

BINTI: Haloo? Haloo, jamani, mimi ni binti yake! Binti wa Saa Mbovu. Nataka kuwaambia kwamba baba—

[Redioni: "Saa Mbovu bado hatumpati. Hewa ni mbaya upande wake. Tunaendelea. Daktari wa Ng'ombe, upo?"]

BINTI: Amenikata! Naongea naye ananikata!

SIKIO: Hajakukata. Hajakusikia.

BINTI: Nimebonyeza. Taa nyekundu imewaka. Wewe umenisikia?

SIKIO: Kwenye simu, vizuri. Kwenye redio kwa mbali mno. Kama mtu aliye chini ya pipa.

BINTI: Mbona?

SIKIO: Nimekwambia. Hewa. Ni msimu.

BINTI: Mama Njiwa anasikika kama yuko jikoni kwangu.

SIKIO: Mama Njiwa yuko juu kilimani.

BINTI: Dada.

SIKIO: Abee.

BINTI: Umesema baba alikufundisha usimpe mtu alama za kumfurahisha. Alianza kutosikika lini?

SIKIO: Sikumbuki.

BINTI: Unakumbuka mpaka chaki ya suruali ya mtu. Lini?

SIKIO: Mwezi uliopita. Mwishoni. Dada, mambo ya hewa yana sababu nyingi—

BINTI: Kabla ya ile Jumapili, au baada?

SIKIO: [kimya]

BINTI: Umenyamaza.

SIKIO: Mtandao.

BINTI: Si mtandao. Ile waya.

SIKIO: Dada—

BINTI: Ile waya haikuwa ya kunguru.

SIKIO: Hukujua. Nani angejua ndiyo inayorusha sauti yake? Hata mimi bila yeye ningeona ni waya tu.

BINTI: Nimemziba mdomo. Nimemziba baba yangu mdomo kwa shuka lake mwenyewe, na alikaa mlangoni ananitazama. Anacheka! Na nikaondoka nafurahi. Nimepanda gari nafurahi.

SIKIO: Nisikilize.

BINTI: Amekaa hapa anaita, anaita, hakuna anayemjibu. Kwenye kiti hiki.

SIKIO: Nisikilize, dada. Kuna jambo lingine kwao, nalo Mzee alinifunga nalo kabisa. Ulichokisikia hewani hukipeleki kwingine. Si chako, kimepita tu masikioni kwako. Sijawahi kupeleka neno la mtu, hata kwa mama yangu. Sasa nitapeleka, na Mungu anisamehe. Unanisikia?

BINTI: [anafuta pua] Sema.

SIKIO: Alijua.

BINTI: Alijua nini?

SIKIO: Waya. Wale wakishaitana majina yote, mwishoni Kiranja huacha kimya kidogo. Anasema, nafasi ya wachelewaji. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya baba yako hasa, maana hakuwahi siku hata moja. Basi ile Jumatatu baada ya wewe kuondoka, nafasi ikafika, nikamsikia, kwa mbali hivyo hivyo. Akasema: Saa Mbovu nipo. Najua hamnisikii. Waya yangu imeshuka, binti yangu ameanikia nguo. Akasema: jirani amekuja na ngazi anataka kuipandisha, nimemfukuza. Huyu mtoto hajanifulia shuka tangu mama yake aondoke. Amefunga kwa mikono yake, fundo la kidobi, mimi siwezi hata kulifungua. Acha ikae. Akija tena nitamwomba aipandishe mwenyewe, na nitamwonyesha inafanya kazi gani, hajawahi kuniuliza na mimi sijawahi kumwambia.

BINTI: Alisema hivyo?

SIKIO: Neno kwa neno. Akasema: mimi nilianza maisha haya nasikiliza tu, sasa nimerudi darasa la kwanza, si vibaya, mnaongea mambo mazuri kuliko nilivyodhani. Halafu akasema, Sikio, kama upo, nitingishie nyuki.

BINTI: Ukambip.

SIKIO: Mara mbili. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakuwa anaongea na ukuta, dada. Nilikuwepo. Ile Jumatano alisema neno moja tu, nipo. Nikabip. Alhamisi nafasi ikapita kimya. Ndipo nikaanza kupiga kwelikweli, kuita mpaka mwisho, nimevunja mwiko wetu. Hizo ndizo simu nyingine ulizoziona.

BINTI: [analia, kwa muda]

SIKIO: Lia. Nipo.

BINTI: Kwa nini hakuniambia pale pale? Neno moja tu. Mwanangu, acha hiyo.

SIKIO: Hilo sijui. Mimi nasikia yale yanayosemwa tu.

[Redioni: "...Asante, Fundi Saa. Amebaki mmoja tu. Bibi Mwalimu, upo?"]

BINTI: Wanakaribia kumaliza?

SIKIO: Bado Bibi Mwalimu, na yeye haongei kwa kifupi, ana mguu wake wa kuueleza. Halafu nafasi ya wachelewaji.

BINTI: Shika simu. Usikate.

SIKIO: Unakwenda wapi?

BINTI: Uani.

[Mlango. Hatua kwenye changarawe. Upepo kwenye simu.]

SIKIO: Dada, redio umeiacha salama? Usishike waya mtu akiwa amebonyeza—

BINTI: Nani abonyeze? Niko peke yangu. Ngoja... haya mashuka yamekauka mpaka yamekuwa bati. Yananukia sabuni tu. Yeye hayumo.

SIKIO: Yaweke begani.

BINTI: Nimeyaweka. Fundo... kweli, nilikaza kama nafunga ng'ombe. Ngoja nitumie meno.

SIKIO: Usiikate. Waya isikatwe.

BINTI: Imefunguka! Huku kwenye nguzo kuna kijigurudumu juu, na kamba yake bado inaning'inia.

SIKIO: Hiyo ndiyo ya kuipandishia. Funga ncha ya waya kwenye kamba, vuta ule upande mwingine. Polepole. Aliniambia inapanda kama bendera.

BINTI: Navuta. Ina uzito, mbona? Imeinuka. Imepita dirisha. [anahema] Kunguru mmoja ameshakuja kutazama.

SIKIO: [anacheka na kulia] Mwache. Ni mwenyeji.

BINTI: Imefika juu. Naifunga kamba. Fundo la kidobi.

SIKIO: Rudi ndani. Bibi Mwalimu amefika kwenye goti.

[Hatua. Mlango. Katikati, mlio mfupi mara tatu.]

BINTI: Hiyo ni nini?

SIKIO: Salio. La Mzee linakwisha. Sikiliza haraka. Usiingie juu ya mtu. Kiranja akisema nafasi ya wachelewaji, hesabu pumzi moja kwanza, ndipo ubonyeze. Usitaje herufi zake, hizo ni zake, ameondoka nazo. Sema tu wewe ni binti wa Saa Mbovu, na umekuja mara moja kuleta habari, hutarudia.

BINTI: Na ile sheria? Ya sisi kutobonyeza?

SIKIO: Ipo. Tumeivunja na wataelewa, au hawataelewa. Sema lile tu, kisha uachie kitufe. Usiposikiliza hutajua wamejibu.

BINTI: Naogopa, dada. Nikifungua mdomo nitalia hewani.

SIKIO: Wameshasikia watu wakilia. Watanyamaza. Wakishajua, Kiranja atamwita baba yako mara ya mwisho kwa herufi zake zote, taratibu, na wote wataacha hewa wazi, hakuna atakayebonyeza. Utasikia mvumo mtupu. Usidhani redio imeharibika. Ndivyo wanavyozika.

[Mlio mfupi mara tatu.]

BINTI: Dada, simu inakatika sasa hivi. Nitajuaje kama safari hii nimesikika?

SIKIO: Irudishe kwenye mkebe.

BINTI: Nini?

SIKIO: Simu! Irudishe kwenye mkebe, mahali pake. Na usipo—

[Simu imekatika.]

[Redioni: "...pole na goti, Bibi Mwalimu. Haya, ndugu zangu, majina yamekwisha. Nafasi ya wachelewaji. Nakuachia."]

BINTI: [pumzi moja] Jioni njema. Mimi ni binti wa Saa Mbovu.

[Ndani ya mkebe wa biskuti simu inanguruma mara moja. Inanyamaza.]